Fundi Aliyefunga Mabenchi

Mwulize mtoto yeyote anayesali katika kanisa lile dogo lenye bati jekundu, nani aliliokoa kanisa hilo. Hatakujibu Yesu. Atakujibu Babu Spana. Na Babu Spana mwenyewe, akiwa karibu, hatamsahihisha.

Alikuwa seremala wa miaka sitini na minane, mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyojaa makovu na sikio la kulia lililozoea kubeba penseli hata siku ya Jumapili. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, ambamo mkewe hakuruhusiwa kufagia kwa sababu kila kipande cha mbao kilichokuwa sakafuni, ati, kilikuwa na kazi yake. Alitengeneza vitanda, meza na milango na, mambo yakiwa magumu, vigoda. Hakuwahi kuwa mzee wa kanisa. Mdomo wake haukuwa na breki, na mwaka aliopendekezwa aliwaambia wazee kwamba mikutano yao ni mirefu kuliko akili iliyomo ndani yake. Lakini heshima aliyokuwa nayo haikuhitaji kura. Miaka ishirini na miwili nyuma aliyafunga mabenchi ya kanisa kwenye sakafu kwa bolti na saruji, na ugomvi mkubwa ukaisha.

Hadithi hiyo aliisimulia vizuri, tena mara nyingi. Waumini waligombana juu ya mahali pa kukaa kwaya. Wengine walitaka ikae mbele, wengine walitaka ikae nyuma, na kwaya yenyewe haikuulizwa. Fundi alikuwa wa mbele, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza jukwaa la mbao la mbele. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ni mwashi, alikuwa wa nyuma, kwa kuwa ndiye aliyejenga ngazi ya saruji ya nyuma. Kila mtu alitetea kazi ya mikono yake, na wengine wakachagua upande kwa kufuata ndugu, rafiki au mtu waliyekuwa wakimchukia. Jumapili moja watu wa mbele waliyavuta mabenchi yao hadi ukuta wa kulia. Jumapili iliyofuata wale wa nyuma waliyavuta ya kwao hadi ukuta wa kushoto. Wakawa wanaimba nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na Mungu achague.

Mchungaji wa wakati ule, mzee mpole aliyeumwa mgongo, alimwita Fundi akamwambia, "Yafunge hayo mabenchi yasivutwe tena," kisha akaenda kulazwa wiki mbili. Aliporudi alikuta kazi imekwisha. Mabenchi ishirini na manne, bolti nne kila moja, jumla tisini na sita, na hakuna aliyeweza kulisogeza hata moja kwa unene wa kucha. Ibada ikatulia. Kwaya ikagawanyika nusu kwa nusu, nayo ikatulia. Hapo Fundi alikuwa akifunga hadithi kwa kusema, "Wengine wanamaliza ugomvi kwa maombi. Mimi niliumaliza kwa spana." Mwashi katika hadithi hiyo alitajwa mara moja tu, kama mtu fulani aliyekoroga saruji.

Basi mwaka huo, Jumatano ya Majivu, ikaja barua kutoka makao makuu ya kanisa. Ilisema kwamba makanisa madogo yanafikiriwa kuunganishwa na yale makubwa ya mjini. Kabla ya uamuzi, waumini wa kila kanisa wakutane Ijumaa zote za Kwaresima, wajiulize maswali mawili, na walete majibu kabla ya Pasaka. Ninyi ni nani? Na miaka kumi ijayo mnataka kuwa nani? Ilikuwa barua ya adabu, lakini kila aliyeisoma aliielewa. Asiyejua yeye ni nani, mlango wake utafungwa.

Mchungaji wa sasa alikuwa binti wa miaka thelathini na moja, aliyehamishiwa pale miezi sita tu iliyopita. Wazee walimwita Mchungaji mbele za watu na mwanangu wakiwa pembeni. Ijumaa ya kwanza alisimama na daftari mkononi akauliza nani aanze.

"Sisi huku tunaona kanisa letu ni la watu wa sala," akasema mzee mmoja wa kulia.

"Sisi huku tunaona ni la watu wa huduma," akajibu wa kushoto.

"Kwani sala si huduma?"

"Kwani nani amesema si huduma?"

Mchungaji aliandika huku na huku mpaka ukurasa ukawa na safu mbili. Baada ya nusu saa aliiweka kalamu chini.

"Samahanini, baba zangu na mama zangu. Mimi bado mgeni. Hii njia ya katikati, mbona pana hivi? Kigari cha mchanga kinapita na kugeuka. Nikihubiri, nikisema 'wapendwa', mbele yangu kuna sakafu tu."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba dawa yenyewe itakuwa tamu.

"Muulize Babu Spana," akasema Bibi Mkunga kutoka benchi la nyuma. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, aliyewapokea duniani nusu ya watu waliokuwa mle ndani, na kwa hiyo hakumwogopa yeyote. "Sakafu ni yake."

Fundi hakuhitaji kubembelezwa. Alisimama, akakohoa, akaisimulia hadithi yote kwa mgeni, na mgeni akasikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Kabla ya ugomvi mabenchi yalikuwa wapi?" akauliza.

"Katikati. Yamekaribiana, njia ya kupita mtu mmoja na nusu."

"Na siku mlipoyafunga yalikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Kila upande ulitaka wa pili urudi kwanza, sasa nani angerudi? Tukayafunga yalipokuwa."

"Yalipokuwa yamevutwa na ugomvi?"

"Ndiyo, pale pale yalipo..." Kwa miaka ishirini na miwili hadithi yake ilikuwa imeishia kwenye spana. Leo ilikuwa imeendelea mbele, na hakujua inakoelekea.

"Kumbe ugomvi haukuisha," akasema mwalimu mstaafu wa upande wa kulia, upande wake mwenyewe Fundi. "Ulipigwa bolti."

Hakusema kwa ubaya. Lakini kicheko kilichofuata kilitoka pande zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea mle ndani kwa muda mrefu, na Fundi alikuwa mtu pekee ambaye hakucheka. Alikaa. Kabla ya sala ya mwisho aliondoka.

Mkewe, ambaye wote walimwita Mama Pacha kwa sababu ya watoto wao wawili waliokuwa wakiishi mbali, alimkuta nyumbani ameketi kwenye kigoda jikoni, kofia bado kichwani. Alishusha ungo, akaanza kuchambua maharage.

"Wamenicheka," akasema Fundi.

"Nimesikia."

"Baada ya kazi yote ile! Magoti yangu haya yaliharibika pale. Nani angefanya? Mdogo wako?" "We unaonaje?" Aliuliza kama mtu anayeomba kuungwa mkono.

Mama Pacha alitoa jiwe dogo kwenye maharage akaliweka pembeni.

"Baba Pacha, mama yangu alikuwa akikaa kule kushoto, benchi la tatu, pembeni mwa njia. Baada ya bolti zako aliishi miaka sita. Miaka sita yote nikiwa kanisani nilikuwa namwona shavu moja tu. Ibada ikiisha namkimbilia mlangoni, namshika mkono, basi. Mwishoni alipoanza kusahau maneno ya nyimbo, nilikuwa nauona mdomo wake ukiyatafuta. Na mimi maneno ninayo. Ila niko huku."

"Si ungevuka tu?"

"Ningevuka, ungesema nini?"

Fundi alijua angesema nini. Angesema mkewe amehamia kwa wale.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefungua?"

Alitaka kusema ndiyo, na aibu ikamzuia, maana walikuwa wameoana miaka arobaini na mwanamke huyu alijua jibu kuliko yeye. Mama Pacha akarudi kwenye maharage yake.

Kesho yake asubuhi Fundi alichukua tepu ya kupimia na funguo za kanisa akaenda peke yake. Alipima njia ya katikati. Futi tisa na inchi mbili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya bolti, akaenda kukaa upande wa kushoto, benchi la tatu, pembeni mwa njia. Mabenchi yote ishirini na manne alikuwa ameyaranda na kuyapaka vanishi kwa mkono wake, kwa hiyo aliyajua. Benchi hili vanishi yake ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa ukingo wa upande wa njiani. Pale mbao ilikuwa imelika mpaka imekuwa laini, upana wa kiganja kimoja. Seremala hahitaji kuambiwa maana ya alama kama hiyo. Mtu alikuwa ameushika ukingo ule kwa mkono wa kulia, Jumapili baada ya Jumapili, ameegemea kuelekea upande wa pili. Fundi alikaa hapo mpaka jua likahama dirishani. Alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu azaliwe, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumlaumu.

Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake. Mwashi alikuwa kazini, juu ya jukwaa la mirunda, akipiga plasta ukuta wa nyumba ya ghorofa moja. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mcheshi kwa kila mtu ila kwa mume wa dada yake, ambaye alimpa adabu tupu.

"Shemeji," akaita Fundi kutoka chini.

"Shemeji. Umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba tindo lako. Lile refu la kuvunjia saruji."

"La nini?"

"Nataka kuyafungua mabenchi."

Mwashi alitupa mwiko mmoja wa plasta ukutani, akausawazisha, akausawazisha tena ingawa ulikuwa tayari sawa.

"Uliyafunga mpaka watoto wanakusimulia. Leo yamekukosea nini?"

"Njoo tufungue pamoja, tutaongea tukiwa kazini."

"Sifa ulikula peke yako, shemeji," akasema mwashi. "Jasho nalo ule peke yako."

Hata hivyo alishuka, akaenda kwenye gunia lake la zana, akamletea tindo lililozungushiwa kitambaa. "Usilipinde," akasema, na akapanda tena juu. Fundi aliondoka na tindo kwapani, akijua kwamba alichoambiwa ni kweli tupu.

Ijumaa ya pili alisimama mwenyewe bila kuitwa, akaomba ruhusa. Upande wake ndio uliokataa zaidi.

"Ugomvi utarudi!" akasema yule mzee wa kulia, wa watu wa sala.

"Ukirudi mtaubeba mgongoni," akajibu Fundi. "Mabenchi ni mazito, na sisi tumezeeka. Nani atayavuta?"

Ruhusa ikatolewa.

Kazi ilianza Jumatatu. Alifikiri itamchukua wiki moja. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, akazitia oili chafu na kuziacha zilowe, nyingine zikalegea, nyingine akazikata kwa msumeno wa chuma. Hilo alilitarajia. Hakutarajia saruji. Alipiga nyundo, tindo likaruka. Alipiga tena, likatoka vumbi la kujaza kijiko cha chai. Bolti moja ilimchukua saa nzima, na saa nyingine alikaa chini akihema na kujiuliza uzee umemwingia lini kiasi hiki.

Siku ya tatu Mama Pacha alikuja na chupa ya chai, akakuta mikono ya mumewe imetoa malengelenge. Hakusema pole. Alirarua kanga yake ya zamani, akaifunga ile mikono, akashika ufagio. Kesho yake akaja mwalimu mstaafu, yule aliyetania, akajitolea kushika tochi chini ya mabenchi. Halafu akaja Bibi Mkunga na kiti chake cha plastiki, akakaa kando kutoa maelekezo ambayo hayakuombwa.

"Bado, bado. Usisukume. Pumua kwanza," akawa anamwambia Fundi aliyelala kifudifudi na tindo. "Haya, sasa! Sukuma! Linakuja!"

"Bibi, hii ni bolti."

"Yote ni mamoja. Kilichokaa ndani muda mrefu hakitoki kwa hasira."

Ajabu ni kwamba maelekezo yake yalisaidia. Kufika Ijumaa ya nne upande wote wa kulia ulikuwa huru, na watu kumi hivi walikuwa wakija kila siku, wa pande zote mbili, wakigombea ufagio. Walikuwa wakicheka sana mle ndani. Mchungaji alikuwa akipita mchana, anavua viatu, anakusanya vipande vya saruji kwenye ndoo pamoja nao, na kwenye vikao vya Ijumaa daftari lake lilikuwa bado na safu zile zile mbili. Makao makuu yalikuwa yamepiga simu mara moja kuuliza kama majibu yako tayari. Aliwajibu kwamba waumini bado wanaandaa sakafu, na makao makuu yakadhani ni methali.

Upande wa kushoto Fundi alianza na mabenchi ya nyuma. Akaja mpaka la nne, kisha akaruka, akafanya la pili na la kwanza. La tatu akaliacha. Kila alipolisogelea aligeukia kazi nyingine.

Jumatano ya wiki ya tano ya Kwaresima, mchana, alikuwa amekaa sakafuni akilitazama benchi hilo aliposikia mtu anaingia. Ni shemeji yake, na nguo za kazi, mavumbi mpaka kwenye nyusi, nyundo kubwa mkononi.

"Hilo niachie mimi," akasema mwashi.

Alipiga magoti penye bolti ya kwanza, akalipokea tindo lake, akapiga mara tatu kwa ustadi. Saruji haikutikisika. Alishusha nyundo.

"Shemeji, siku ile ulinipa kipimo gani cha saruji?"

"Ndoo moja ya saruji, ndoo tatu za mchanga."

"Sikuweka hivyo. Niliweka moja kwa moja, ndoo ya saruji kwa ndoo ya mchanga."

"Moja kwa moja!" Fundi alisimama bila kujua amesimama. "Shemeji! Hiyo ni ya kujengea daraja! Mimi hapa wiki tatu nalia na nyundo, nadhani nimezeeka, kumbe wewe!"

"Nilitaka upande wenu usitusogelee mpaka Bwana arudi." Mwashi hakuinua uso. "Sikiliza, sijamaliza. Mama alikuwa akiniambia kila Jumapili, mwanangu, nisogeze karibu na dada yako. Mpaka na akili ilipoanza kumpotea hilo hakulisahau. Namwambia, mama, haiwezekani, shemeji amefunga. Amefunga shemeji. Nikakutwisha wewe yote. Na saruji ni yangu."

Fundi alimtazama yule mtu mfupi aliyepiga magoti, mdogo wa mkewe, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amemsalimia kwa adabu na kumkwepa kwa adabu. Alitaka kukasirika, maana sababu anayo, lakini hasira haikuja. Alimpenda tu, ghafla, kama alivyompenda siku za uchumba wakati kijana huyu alipokuwa akimpelekea barua kwa dada yake na kudai pipi ya usumbufu.

"Ukingo wa benchi hilo umelika," akasema. "Upande wa mkono wake wa kulia. Pashike."

Mwashi akapashika. Fundi akapiga magoti kando yake, akalishikilia tindo kwa mikono miwili iliyofungwa kanga, akasema, "Piga, shemeji, mimi nashika." Na mwashi akapiga. Iliwachukua mchana mzima kuzitoa bolti zile nne, na tindo lilipinda.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi waliyapanga mabenchi machache duara, mengine yakangoja ukutani. Ilikuwa rahisi kupanga. Kukaa ndiko kulikuwa na kazi. Watu wazima waliokuwa wakijua mahali pao tangu ujana wao walisimama mlangoni na Biblia zao kifuani kama wageni wa hotelini, kila mmoja akimngoja mwenzake achague.

"Jamani, kaeni!" akasema Bibi Mkunga. "Benchi haling'ati."

Wakakaa. Na walipokwisha kukaa, wakaona. Walikuwa wamejaza mabenchi tisa. Kumi na tano yalibaki yamepangwa ukutani, matupu. Kwa miaka mingi kila upande uliamini kwamba wao ndio wanaopungua na wale wa ng'ambo ndio wengi. Sasa walikuwa wanatazamana uso kwa uso, arobaini na sita kwa jumla, na hapakuwa na ng'ambo.

"Kumbe ndio sisi hawa tu," akasema mwalimu.

"Na tuliweza kujigawa," akasema mzee wa sala taratibu.

Kisha mtu mmoja, sitamtaja, akauliza swali la hatari. "Sasa kwaya itakaa mbele au nyuma?"

Mama Pacha na wenzake wanane, ambao ndio waliokuwa kwaya yote iliyobaki, walitazamana.

"Duara lina mbele?" akauliza Mama Pacha. Watu wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi, na swali hilo likafa hapo hapo.

Mchungaji alifungua ukurasa mpya. Hakuchora mstari katikati. "Makao makuu wanauliza," akasema, "ninyi ni nani?"

Mzee wa sala alikohoa kutaka kuanza na neno 'sisi', lakini mwashi alikuwa ameshasimama. Alinyoosha kidole chake kinene.

"Mimi ni shemeji wa yule pale," akasema, akakaa.

Mchungaji alisita kidogo, halafu akaandika. Aliyekuwa kando ya mwashi, mwanamke muuza nguo, akaona ni zamu yake. "Mimi ni jirani wa mwalimu. Jogoo wake ananiamsha kila siku na sijamsamehe." Mwalimu akasema yeye ndiye aliyewafundisha kusoma watu kumi na mmoja waliokuwa humo, na kwamba wawili kati yao walikuwa wagumu na wanajijua. Bibi Mkunga akasema amewapokea kumi na tisa, na akaanza kuwahesabu kwa kidole mpaka wakamwomba aache, maana alikuwa anataja na nani alitoka miguu kwanza. Mzee wa sala, ilipofika kwake, akasema kwa sauti ndogo kwamba mke wake alipofariki, chakula cha siku tatu kilitoka kwa watu wa kushoto, na kwamba hakuwahi kushukuru kwa sababu hakujua amshukuru nani. Mtu wa kushoto akamjibu, "Ushashukuru."

Kalamu ya Mchungaji haikuweza kwenda nao. Aliacha kuandika, akasikiliza.

"Na la pili?" akauliza mwishoni. "Miaka kumi ijayo?"

"Andika tunaomba watuache hapa hapa," akasema mwashi. "Nusu ya ukumbi ni tupu sasa, iwe darasa la watoto wadogo siku za kazi. Mabenchi yanasogea."

"Na wakikataa, wakituunganisha?"

Wakatazamana. Neno hilo ndilo walilokuwa wakiliogopa tangu Jumatano ya Majivu. Bibi Mkunga ndiye aliyejibu. "Waandikie kwamba tutakwenda. Ila tutakwenda wote kwa pamoja na tutakaa pamoja. Wasituchukue kwa mafungu."

Hakuna aliyepinga. Mchungaji aliandika neno kwa neno, akalisoma kwa sauti, wakasema ndivyo. Alikuwa anafunga daftari alipogundua jambo.

"Bado mmoja hajasema yeye ni nani."

Fundi alikuwa pembeni ya duara, amechuchumaa, akitia kijiti chini ya mguu wa benchi lililokuwa likiyumba. Benchi halikuwa likiyumba sana. Alisimama polepole, magoti yakalia.

"Mimi," akaanza kwa sauti yake ya hadithi, sauti iliyozoeleka na kila mtu mle ndani, "mimi ndiye niliye..."

Penseli ilikuwa sikioni. Aliitoa, akaishika, hakujua aiweke wapi.

"Mimi ndiye niliyewatenganisha," akasema. "Sikukusudia. Lakini nilijivunia, na mtu akijivunia kitu haendi kukipima. Nisameheni." Kisha akamtazama mkewe. "Na wewe, Mama Pacha. Miaka sita. Mama yako alikuwa..."

Mwashi alitaka kuinuka kusema kwamba saruji ilikuwa yake, lakini dada yake alimshika mkono akamrudisha chini. Kisha Mama Pacha akamsogelea mdogo wake, bega kwa bega, mpaka upande wake wa pili pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Ushafungua, Baba Pacha," akasema. "Njoo ukae."

Akaenda akakaa, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyemwambia asilie.